Helian Bobo: mtoto aliyekimbia vita, akawa mfalme wa kutisha

Juma lililopita nilikuwa kambini kurekodi habari za mvua iliyoharibu mahema. Nilipokuwa nazima kinasa sauti, mama mmoja mhami alinivuta pembeni akaniuliza: «Mwanangu, hawa watu wanaoua wenzao bila huruma, walizaliwa hivyo?» Sikuwa na jibu la kumpa. Nilimwambia tu, «Mama, nitatafuta.»

Leo ninamletea habari ya mtu mmoja wa zamani sana, wa mbali sana, China ya kaskazini, miaka zaidi ya elfu moja na mia sita iliyopita. Jina lake ni Helian Bobo. Alikuwa mtoto wa vita. Alikimbia akiwa na umri wa miaka kama kumi, baba ameuawa, ukoo umemalizwa. Kuna mtu alimwokoa. Kisha yeye mwenyewe akawa muuaji ambaye Wachina wanamkumbuka hadi leo. Tusikilize pole pole, kwani majina ni magumu kidogo.

China ya wakati ule

Karne ya 4 na ya 5, China haikuwa nchi moja. Kusini kulikuwa na ufalme wa Jin, mji wake mkuu ukiwa Jiankang, ambao leo unaitwa Nanjing. Kaskazini kulikuwa vurugu. Falme ndogo ndogo zilizaliwa na kufa, nyingine zikiishi miaka ishirini tu. Wanahistoria wanakiita kipindi hicho «Falme Kumi na Sita», kuanzia mwaka 304 hadi 439. Wafalme wengi wa kaskazini hawakuwa Wachina wa asili. Walitoka katika makabila ya wafugaji: Xianbei, Di, Qiang, na Xiongnu.

Xiongnu, tamka «Shong-nu», walikuwa wafugaji wa nyika za kaskazini, watu wa farasi na upinde. Zamani walikuwa na himaya kubwa iliyowasumbua wafalme wa China. Kufikia karne ya 4 himaya hiyo ilikuwa imevunjika siku nyingi, na wao wamebaki makundi makundi. Kundi moja liliitwa Tiefu. Liliishi pale Mto Manjano unapopinda kwenda kaskazini kabla ya kurudi kusini. Shefu wao alikuwa Liu Weichen, na huyu ndiye baba wa Bobo. Mtoto alizaliwa mwaka 381.

Mwaka 391

Jirani na adui wao mkubwa alikuwa ufalme wa Wei, wa watu wa Xianbei, chini ya mfalme Tuoba Gui. Mwaka 391, Liu Weichen alimtuma mwanawe mkubwa na jeshi kubwa kushambulia Wei. Wakashindwa. Tuoba Gui hakuishia hapo. Alivuka Mto Manjano akaingia moja kwa moja katika makao ya Tiefu. Liu Weichen alikimbia, akauawa njiani na mtu wake mwenyewe.

Kisha ikaja hukumu ya ukoo. Vitabu vya zamani vinasema watu zaidi ya elfu tano, ndugu na wafuasi wa Liu Weichen, waliuawa na maiti zao zikatupwa mtoni. Farasi zaidi ya laki tatu na ng'ombe na kondoo zaidi ya milioni nne walichukuliwa. Kwa wafugaji, hiyo maana yake ni kwamba hakuna kilichobaki. Kama unatoka katika vijiji vyetu vya wafugaji, unajua kwamba anayekunyang'anya ng'ombe amekunyang'anya chakula, mahari na heshima kwa mara moja.

Mtoto mmoja aliponyoka. Ni Bobo.

Alikimbilia kwa kabila jirani la Chigan. Shefu wao aliogopa hasira ya Wei, akaamua kumrudisha mtoto kwa adui. Kitabu cha historia ya nasaba ya Jin kinasimulia kwamba mtoto wa kaka wa shefu huyo, kijana aitwaye Ali, alipopata habari alipanda farasi haraka kwenda kumwomba mjomba... tuseme baba yake mdogo, asifanye hivyo. Hoja yake ilikuwa rahisi: hata ndege akikimbilia kifuani mwa mtu, mtu humwacha aishi, sembuse mtoto aliyepoteza nchi na familia? Kama hatuwezi kumlinda, basi tumwache aende anakotaka. Shefu alikataa. Ali akatuma vijana wenye nguvu kwa siri, wakamnyakua mtoto njiani na kumpeleka mbali zaidi, kwa kiongozi mmoja wa Xianbei aitwaye Mo Yigan, aliyetawala Gaoping.

Wasikilizaji, likumbukeni jina hili la Ali. Atarudi.

Mo Yigan alimpokea Bobo, akamlea, na baadaye akampa binti yake amuoe. Hivyo mkimbizi akapata baba mkwe, nyumba, na watu.

Aliyepewa mkono akauma mkono

Mo Yigan alikuwa chini ya ufalme mwingine, Qin ya Baadaye, uliotawala kutoka mji mkubwa wa Chang'an, ambao leo unaitwa Xi'an. Mfalme wake, Yao Xing, alikutana na Bobo akampenda sana. Bobo alikuwa mrefu, mzuri wa sura, na hodari wa kusema. Ndugu wa mfalme, Yao Yong, alionya kwamba kijana huyu ni mkatili, hana shukrani, na kumpa jeshi ni kujitafutia balaa. Mfalme alisita kwa muda, lakini mwisho akampa Bobo cheo cha jenerali na kabila kadhaa za wafugaji, zaidi ya kaya elfu ishirini, alinde mpaka wa kaskazini dhidi ya Wei.

Mwaka 407 mambo yakageuka. Yao Xing alifanya amani na Wei. Falme mbili zilirudishiana wafungwa na kuwa marafiki. Kwa Bobo, mlezi wake ameshikana mikono na watu waliotupa familia yake mtoni.

Hapa nataka tusimame kidogo. Sisemi amani ni mbaya. Sisi tunaoishi hapa tunaijua thamani ya usiku mmoja bila mlio wa risasi. Lakini wakubwa wawili walipokaa kuzungumza, walizungumza juu ya wafungwa wao na mipaka yao. Wale elfu tano wa mtoni hawakuwa na wa kuwasemea. Hasira ya Bobo ilikuwa na sababu. Alichofanya na hasira hiyo ndicho tunachokihukumu.

Kwanza, farasi elfu nane waliokuwa wakipelekwa kwa Yao Xing kama zawadi kutoka kwa watu wa Rouran walipopita katika eneo lake, aliwakamata. Kisha akakusanya askari zaidi ya elfu thelathini, akasema anakwenda kuwinda karibu na Gaoping. Alipofika, alimshambulia na kumuua Mo Yigan, baba mkwe wake, mtu aliyempa makao. Akachukua askari wake wote.

Fikirini. Mtu wa kwanza kufa katika kisasi cha Bobo hakuwa mtu wa Wei. Alikuwa mtu aliyemwokoa.

Mwaka huo huo akajitangaza mfalme. Ufalme wake aliuita Xia, kwa jina la nasaba ya kale kabisa ya China, akidai Xiongnu ni wazao wa mwanzilishi wake, Yu. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Vita bila makao

Wakubwa wa jeshi lake walimshauri achague mji mmoja, ajenge, atulie. Alikataa. Aliwaeleza kwamba nguvu zao bado ndogo. Wakikaa mji mmoja, Yao Xing atakusanya jeshi lote awamalize. Afadhali kwenda kama upepo: adui akilinda mbele, apigwe nyuma, akikimbilia nyuma, apigwe mbele. Adui atachoka kukimbia huku na huku, na wao watakula na kunywa bila shida.

Mbinu hiyo ilifanya kazi. Kwa miaka kadhaa miji ya kaskazini ya Qin haikufungua milango hata mchana. Lakini tuitazame kwa upande wa raia. Jeshi lisilo na makao linakula nini? Linakula cha mkulima. Mwaka 407, Bobo aliomba binti wa mfalme wa Liang ya Kusini, Tufa Rutan, akakataliwa. Akavamia nchi yake, akaua na kujeruhi watu zaidi ya elfu kumi, akaondoka na mateka elfu ishirini na saba na mifugo laki kadhaa. Tufa Rutan alimfuata kwa hasira, akapigwa vibaya katika bonde jembamba la Yangwu. Bobo akaamuru maiti zirundikwe pamoja ziwe kilima. Akakiita «Jukwaa la Mafuvu».

Miji iliyotekwa, mara nyingi raia wake hawakuachwa mahali pao. Maelfu ya familia zilihamishwa kwa nguvu hadi maeneo ya Xia ili zilime na zifuge kwa ajili ya mshindi. Katika mji mmoja, Dingyang, jeshi lake likiongozwa na mtoto wa kaka yake liliwaua askari zaidi ya elfu nne waliotekwa, na wanawake wakagawiwa askari kama zawadi. Vitabu vinaandika jambo hilo kwa maneno machache sana. Akina mama walioko kambini wanajua yale maneno machache yanaficha nini.

Mji mweupe

Mwaka 413 Bobo aliamua sasa ana nguvu ya kutosha kujenga mji mkuu. Aliuita Tongwan, maana yake kuunganisha na kutawala elfu kumi, yaani ulimwengu wote. Alikusanya wafanyakazi laki moja. Hiyo haikuwa salongo ya Jumamosi. Ilikuwa kazi ya lazima.

Na nani aliwekwa kusimamia? Chigan Ali. Jina lile lile la kijana aliyepanda farasi kumwombea mtoto Bobo maisha, aliyesema hata ndege huokolewa.

Kitabu kinasema Ali alikuwa fundi hodari sana, na mkatili. Ukuta ulijengwa kwa udongo «uliopikwa kwa mvuke». Watafiti wa leo wamekuta ndani yake chokaa, mchanga na udongo wa mfinyanzi; chokaa ikimwagiwa maji huchemka na kutoa mvuke, na huenda ndiyo maana ya maneno hayo. Kila sehemu ilipomalizika, ilipimwa kwa kuchomekwa msumari mrefu. Msumari ukizama kama sentimita mbili, mfanyakazi aliyejenga sehemu hiyo aliuawa, na maiti yake ikajengewa ndani ya ukuta.

Kwa silaha ilikuwa vivyo hivyo. Mshale ulipigwa kwenye vazi la chuma. Usipopenya, aliyetengeneza upinde aliuawa. Ukipenya, aliyetengeneza vazi aliuawa. Yaani kila jaribio lilikuwa na maiti. Mafundi walioangamia hivyo walikuwa maelfu. Bobo alimwona Ali kuwa mtu mwaminifu, ndiyo sababu alimpa kazi zote za ujenzi.

Mara nyingi nimejiuliza kuhusu huyu Ali. Alikuwa na huruma ya kweli siku ile njiani. Alijiweka hatarini kwa ajili ya mtoto asiye wake. Miaka ishirini na zaidi baadaye, anaua mafundi kwa sababu ya sentimita mbili za udongo. Hakuna aliyeandika kilichotokea katikati. Lakini inatufundisha kwamba mtu mwema wa jana anaweza kuwa mtesaji wa leo, akipewa mamlaka na bwana asiyetaka kusikia neno «hapana».

Mwaka huo huo Bobo alibadili jina la ukoo. Hadi hapo aliitwa Liu, jina la Kichina ambalo Xiongnu walilichukua kwa upande wa mama. Sasa akajiita Helian, akieleza kwamba utukufu wake umeungana na mbingu. Ndugu wa mbali zaidi aliwapa jina Tiefa, kwa sababu, alisema, watakuwa wakali kama chuma na wataweza kuwapiga watu.

Chang'an

Yao Xing alikufa mwaka 416. Mwaka uliofuata jenerali wa Jin kutoka kusini, Liu Yu, aliiteka Chang'an na kuimaliza Qin. Bobo hakuingilia. Alitazama tu, akijua Liu Yu ana haraka ya kurudi kusini kutafuta ufalme. Na kweli Liu Yu aliondoka, akamwacha Chang'an mwanawe Liu Yizhen, mtoto wa miaka kumi na moja hivi, pamoja na majenerali ambao hawakupatana.

Majenerali hao walianza kuuana wao kwa wao. Mwaka 418 jeshi la Xia lilikaribia. Watu wa Jin waliamua kuondoka, lakini askari walijaza mali na wanawake waliowapora kwenye magari ya kukokotwa, wakawa wanatembea polepole sana. Helian Gui, mwana wa Bobo, aliwafikia na kuwavunja huko Qingni. Mtoto Liu Yizhen alijificha majanini usiku, akaokolewa na afisa mmoja aliyemfunga mgongoni. Mtoto mwingine wa vita, anakimbia safari hii kutoka kwa Bobo. Vichwa vya waliouawa vilirundikwa tena kuwa «Jukwaa la Mafuvu» la pili. Nako Chang'an, wenyeji walimfukuza jenerali wa mwisho wa Jin, naye akachoma majumba ya kifalme kabla ya kukimbia.

Bobo aliingia Chang'an, akajitangaza mfalme mkuu, kaisari. Washauri walimwomba ahamie huko. Alikataa, akasema Wei wako karibu na Tongwan, na yeye asipokuwepo watashambulia. Alimwacha Helian Gui Chang'an, akarudi kwenye mji wake mweupe.

Mwandishi aliyeinama sana

Kuna tukio moja la Chang'an ambalo sisi wa kazi ya habari hatuwezi kulisahau. Kulikuwa na msomi aitwaye Wei Zusi, mtu aliyeishi kwa upweke, aliyeheshimika. Bobo alimwita. Msomi alifika akiogopa, akainama kupita kiasi. Bobo akakasirika. Alisema: ulipokuwa mbele ya Yao Xing hukuinama hivi, kwa nini unaniinamia mimi? Unaniona mimi si mtu wa kawaida? Kisha akatoa sababu ya kweli: nikiwa hai bado hunihesabu kuwa mfalme, nikifa, ninyi mnaoshika kalamu mtaniweka wapi? Akamuua.

Asingeinama, angekufa. Aliinama, akafa. Bobo alikuwa ameshateka majeshi na miji, lakini aliogopa kalamu.

Nyumbani, husimuliwa, alikaa juu ya ukuta wa mji na upinde na upanga pembeni. Akimchukia mtu, alimuua kwa mkono wake. Afisa aliyemtazama vibaya alitobolewa macho. Aliyecheka alikatwa midomo. Aliyemshauri asifanye jambo alikatwa ulimi kwanza, ndipo kichwa.

Hapa lazima niwe mwaminifu kama mwandishi. Habari hizi zimefika kwetu kupitia vitabu vya maadui zake na vya wale waliokuja baadaye. Kitabu cha Jin kilikamilishwa mwaka 648, zaidi ya karne mbili baada ya kifo chake. Hesabu za waliouawa zinaweza kuwa zimeongezwa. Bobo hakupata mwandishi wa kumtetea; labda kwa sababu wale ambao wangeweza walimwona Wei Zusi.

Mwisho wa nyumba ya Helian

Mwaka 424 Bobo alitaka kumwondoa Helian Gui katika urithi na kumweka mwana mwingine, Lun. Gui akatoka Chang'an na jeshi la watu elfu sabini, akamuua Lun. Mwana wa tatu, Chang, akamvamia Gui, akamuua, akarudi kwa baba yake na askari elfu themanini na tano. Bobo alifurahi, akamfanya Chang mrithi. Mwaka uliofuata, 425, Bobo akafa kitandani, akiwa na miaka arobaini na minne.

Mwaka 427 mfalme wa Wei, Tuoba Tao, mjukuu wa yule aliyeua ukoo wa Bobo, alifika mbele ya Tongwan. Hakubomoa ukuta. Alijifanya dhaifu, akarudi nyuma, Helian Chang akatoka nje kumfuata. Katika vumbi na upepo Chang akashindwa, akakosa hata nafasi ya kurudi ndani, akakimbilia mbali. Mji ukaingiwa. Ukuta uliojengwa kwa maisha ya watu wote wale haukumlinda aliyeujenga wala mtoto wake. Tuoba Tao alipoyaona majumba yale alishangaa, akasema nchi ndogo kama hii kuwatumikisha raia wake namna hii, ingewezaje isianguke?

Chang alikamatwa mwaka 428. Ndugu yake Ding aliendelea hadi 431, naye akakamatwa. Ufalme wa Xia uliishi miaka ishirini na nne. Binti za Bobo walichukuliwa kuwa wake wa Tuoba Tao, na mmoja wao akawa malkia wa Wei, nyumba ile ile iliyowatupa babu zake mtoni. Maisha yake yote Bobo alipigana zaidi na Qin waliompokea kuliko na Wei waliomuumiza.

Tongwan bado upo, katika wilaya ya Jingbian, mkoa wa Shaanxi. Mwaka 994 serikali ya Song iliamuru uharibiwe na wakaaji wahamishwe, lakini kuta nyeupe zimebaki zimesimama pembeni ya jangwa. Bobo alipachagua mahali pale, alisifia maji na majani yake. Leo ni mchanga.

Kwako mama uliyeniuliza

Jibu langu ni hili, mama. Bobo hakuzaliwa hivyo. Alikuwa mtoto aliyestahili kuokolewa, na Ali hakukosea kumwokoa. Mtoto wa adui akikimbilia kwenu, mpokeeni. Lakini maumivu hayakumlazimisha kumuua Mo Yigan. Hiyo alichagua. Wengi walipoteza ndugu mwaka 391 na hawakujenga kilima cha mafuvu. Majina yao hayakuandikwa, lakini waliishi.

Ndiyo maana nawaomba, wamama na wababa mlioko kambini: wasimulieni watoto yaliyotokea, msiwafiche. Ila msiwapangie wa kulipiza. Waacheni wasimulie wenyewe pia, tuwasikilize. Kinasa sauti changu kiko wazi Jumatano, pale pale karibu na bomba la maji.

Hadi wakati mwingine, mbaki salama.